Simu Yako Imebeba Watu

Steshenari yangu iko kando ya Barabara ya Morogoro, Kongowe. Nikitaja Kongowe, mtu wa Dar es Salaam lazima aulize ni ipi, maana kuna nyingine baada ya Mbagala, kwenye Barabara ya Kilwa. Hii yangu ni ya Kibaha, ile unayoikuta ukishapita Maili Moja na Tumbi ukielekea Mlandizi. Ni fremu moja yenye kompyuta mbili, printa, mashine ya kutoa kopi, mashine ya laminesheni na benchi la wanaosubiri. Anayepita barabarani hudhani nauza karatasi na wino. Lakini kinachopita mikononi mwangu kutwa nzima ni maisha ya watu: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, matokeo ya kidato cha nne, mikataba ya kuuziana viwanja, hukumu za mahakama ya mwanzo, majibu ya vipimo.

Dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu likifunguliwa, benchi halitoshi. Kijana huja na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, kitambulisho cha mdhamini, picha, na baba aliyefuatana naye kuja kuweka saini. Sekretarieti ya Ajira ikitangaza nafasi, huja wengine na vyeti vyao ili niwaingizie kwenye mfumo. Utaratibu ni ule ule wa kila steshenari: mteja anatuma faili kwenye WhatsApp ya duka, nalipakua, nalitoa, analipa, anaondoka. Yeye anaondoka, faili haliondoki. Linabaki kwenye WhatsApp, linabaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa, linabaki kwenye uso wa kompyuta likiwa na jina kama "CV mpya", "CV mpya kabisa" au "NIDA ya baba". Siri ya mtungi aijuaye kata, na Kongowe ya leo ina kata nyingi: mwenye steshenari, wakala wa fedha, fundi simu, na yeyote anayefunga intaneti majumbani.

Mama mmoja alikuja kutoa kopi ya majibu ya hospitali aliyoyapiga picha kwa simu. Nilipomkabidhi karatasi hakuondoka. Alizunguka meza, akasimama nyuma yangu, akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, hebu ifute na mimi nione." Nikaifuta. "Na huko kwenye kapu la taka je?" Nikalifungua kapu, nikaiondoa na huko. "Na kwenye WhatsApp?" Nilipomaliza alinilipa, akanishukuru, akaenda zake. Hakunituhumu kwa lolote, wala hakueleza majibu yale yalisema nini. Alikuwa amekuja kuchukua kilicho chake chote, na karatasi ilikuwa sehemu yake moja tu.

Siku hizi kila anayenitumia faili namuuliza: nibaki nalo au nilifute? Wengi hunijibu, "Baki nalo dada, nitarudi tena." Ukisikia haraka utadhani ni uzembe. Ukiwasikiliza vizuri utaona ni hesabu. Simu yake ni ndogo na imejaa, inaweza kuibiwa kwenye daladala, na kuchapiwa CV upya ni hela nyingine. Anahitaji mahali pa kuhifadhia, na hana pengine. Sina ugomvi naye. Ninachotaka ni aamue mwenyewe, na mimi nijue kwamba nimekabidhiwa.

Kukabidhiwa kitu cha mtu si jambo geni kwa sisi watu wa Pwani. Bibi zetu waliachiwa mikufu ya wasafiri, hati za mashamba, hata watoto. Aliyewekewa amana hakuwa na haki ya kuivaa, kuikopesha wala kuisimulia, na aliyeivaa walau siku moja ya harusi alipoteza jina lake mtaani. Hakuna aliyehitaji kuandikiwa sheria. Ninachotafakari mimi ni kwamba simu imetugeuza sote kuwa watunza amana, bila mtu kutuuliza kama tuko tayari.

Mafundisho ya usalama wa mtandao tunayoyasikia redioni karibu yote humsemesha mtu mmoja: linda namba yako ya siri, linda akaunti yako, linda simu yako. Ni mafundisho mazuri na yanaokoa fedha za watu. Lakini hebu fungua simu yako uangalie ni kiasi gani cha kilichomo ni chako wewe. Orodha ya majina ni ya watu wengine. Picha nyingi ni za watu wengine. Mna ujumbe wa sauti wa dada yako akilia juu ya ndoa yake. Mna kitambulisho cha shemeji uliyemsaidia kujaza fomu. Mna lokesheni ya nyumba ya rafiki aliyekuelekeza njia, maana Kongowe ukitaka mgeni au bodaboda akufikie, kutuma lokesheni ni rahisi kuliko kuelezea mti na kibanda. Na vyangu mimi, vivyo hivyo, vimo kwenye simu za watu ambao baadhi yao nimewasahau. Naweza kufunga milango yangu yote na bado nikaingiliwa kupitia kwa jirani.

Chukua namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi na siku. Aliyeshika kopi ya kitambulisho chako ameshika jina lako kamili, sura yako na siku uliyozaliwa. Sasa jiulize ni watu wangapi unaowajua ambao namba yao ya siri ya kutolea fedha, yenye tarakimu nne, ni mwaka wa kuzaliwa. Kopi iliyoharibika ikatupwa kwenye boksi la karatasi chakavu, kisha muuza karanga akaja kuomba karatasi za kufungia, imebeba nusu ya ufunguo wa mtu. Kwangu karatasi yenye jina la mtu haitoki ikiwa nzima. Naichana mwenyewe, na wauza karanga nawapa magazeti.

Kuna pia hisani iliyoacha alama. Mei 2019 laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na baada ya 20 Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Katika pilikapilika zile wengi walikuwa hawajapata namba, wakaomba ndugu au rafiki awasajilie kwa jina lake. Aliyekubali alitenda wema. Lakini laini ile imeendelea kutembea na jina lake, ikakopa, ikapiga, ikatuma, na siku ikifanya uhalifu, wa kwanza kuulizwa ni mwenye jina. Ukipiga *106# unaweza kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ni huduma ya dakika chache, na huwaonyesha watu jinsi majina yao yalivyosambaa.

Halafu kuna madaftari. Wakala wa fedha ana daftari lenye jina, namba ya simu, kiasi na saini. Kwenye geti la ofisi kuna daftari la wageni lenye jina, unakotoka, unakokwenda na namba ya simu. Ukiinama kuandika, unasoma waliokutangulia wote. Msichana aliyeandika namba yake getini asubuhi, jioni anapokea ujumbe wa "mambo mrembo" na hajui umetokea wapi. Hapo hakuna mdukuzi wala kompyuta. Kuna peni iliyofungwa kamba na ukurasa ulioachwa wazi. Ninataja hili makusudi, kwa sababu tunapenda kudhani kwamba faragha iliharibiwa na mitambo. Mitambo ilikuta tumeshazoea kuacha vya watu wazi, ikaongeza mwendo.

Mwendo huo ndio unaowalisha matapeli. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hutumwa kwa watu wengi bila kuchagua, ukitegemea kwamba mmoja wao kweli anadaiwa kodi. Unaoumiza zaidi ni ule unaokuita kwa jina, ukataja shule ya mtoto wako, ukasema ameanguka darasani na gari la kumpeleka hospitali linahitaji mafuta. Mzazi aliyepata simu ya namna hiyo hafikiri, anatuma. Jina la mtoto, shule na namba ya mzazi si siri za dola; zimekaa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, kwenye fomu zilizotupwa, kwenye simu zilizouzwa bila kufutwa. TCRA imeweka namba 15040 ya kupeleka ujumbe na namba za matapeli, na nawahimiza wateja waitumie. Lakini 15040 ni ya baada ya tukio. Kabla ya tukio kuna mtu fulani aliyekuwa ameshika jina la mtoto yule akaliachia.

Somo la amana nililielewa vizuri zaidi kupitia deni lisilo langu. Nilipokea ujumbe kutoka namba ngeni ukinitaarifu kwamba mteja wangu mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, amekopa na amegoma kulipa, na kwamba mimi nimewekwa kama mtu wa karibu wa kumkumbusha. Ulifuata ujumbe wa pili wenye picha yake na neno TAPELI kwa herufi kubwa. Mimi na yeye tunachojuana ni kopi na laminesheni. Programu aliyokopea ilimwomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu yake, akabonyeza "Ruhusu" ili fedha iingie, na alipochelewa ikaanza kuwapigia waliomo.

Fikiria lile bonyezo. Hakujikubalia yeye tu. Alitukubalia sote: mimi, mchungaji wake, mwalimu mkuu wa shule ya mwanawe, mama mkwe, fundi bomba. Hakuna kati yetu aliyeona masharti, aliyepokea hata shilingi, wala aliyeulizwa. Kwa sekunde moja mtu mwenye shida alitoa kitu ambacho hakikuwa chake, na hakujua anakitoa. Simlaumu. Mtoto akiwa na homa usiku hakuna anayesoma masharti. Wa kulaumiwa ni aliyetengeneza mlango huo akijua hasa anachokitafuta: kile ambacho mkopaji anakithamini kuliko fedha, yaani macho ya watu wake.

Haikuwa balaa ya mtu mmoja. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya biashara bila leseni, wakati ambapo mtaani mikopo ya namna hii ilikuwa imeshapewa jina la kausha damu. Kwa jirani zetu Kenya, ambao sheria yao ya ulinzi wa data ni ya mwaka 2019, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza adhabu tatu kwa mpigo Septemba 2023. Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya kidijitali, ilitozwa shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine na kuwatumia vitisho. Shule ya Roma ya Uthiru ilitozwa 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi ilitozwa 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake.

Nimezitaja zote tatu kwa sababu zinafanana kuliko zinavyoonekana. Mkopeshaji, shule na klabu kila mmoja alikuwa ameshika kitu mkononi bila kukiiba. Kosa lilikuwa kukitumia kwa kazi ambayo mwenye nacho hakuikubali. Amana haiharibiki kwa kuibwa tu. Huharibika pia mtunzaji anapoanza kuiona kama mali yake.

Jioni nikifunga duka, mara nyingine huitwa majumbani kufunga ruta. Kongowe inajengwa kwa kasi. Kuna wafanyakazi wa viwandani, kuna wanaokwenda mjini na kurudi kila siku, kuna nyumba za vyumba sita zenye familia sita. Wapangaji waliozoea kuchangia LUKU sasa wanachangia na intaneti: mwenye nyumba ananunua kifurushi cha mwezi, kila chumba kinatoa chake. Ukiwauliza ni nani anajua nywila, watakuambia sote tunaijua, imeandikwa nyuma ya ruta. Hiyo ni nywila ya waifai. Wasichojua wengi ni kwamba kuna ufunguo wa pili, wa kuingilia ndani ya ruta yenyewe, na huo mara nyingi uko kama ulivyotoka kiwandani: jina ni admin, nywila ni admin. Mwenye ufunguo huo anaweza kubadili njia ambayo simu zote za nyumba ile hupitia kutafuta tovuti, akazipeleka kwenye ukurasa wa benki ambao si wa benki.

Mwaka 2016 programu haramu iliyoitwa Mirai ilizunguka mtandaoni ikigonga kamera za ulinzi na ruta za majumbani, ikijaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani, kama sitini hivi. Kila iliyofunguka iliingizwa jeshini. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo lilielekezwa kwa kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa watu wengi huko hawakuweza kufungua Twitter, Netflix na tovuti nyingine kubwa. Wenye kamera zile hawakupungukiwa na kitu. Kamera ziliendelea kuonyesha geti kama kawaida. Aliyeumia alikuwa mbali, hata jina lake hawalijui. Ndiyo maana mtu akiniambia, "Dada, mimi sina cha kuibiwa, iache hivyo hivyo," huwa namjibu kwamba ruta yake wanaweza kuihitaji kwa ajili ya mwingine.

Kazi yenyewe haichukui muda. Nabadili nywila ya ndani ya ruta na kuiandika kwenye karatasi ambayo mwenye nyumba ataificha. Nahakikisha ulinzi wa waifai ni WPA2 au WPA3. Nazima WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila nywila. Naweka masasisho. Nafungua mtandao wa wageni, ili kamera na kompyuta ya nyumbani zikae upande mmoja na simu za wapitaji upande mwingine. Baada ya hapo huketi na mwenye nyumba kwa mazungumzo ambayo hayamo kwenye malipo.

Namwambia: baba, wewe sasa unaona vitu. Tovuti nyingi siku hizi zimefungwa kwa usimbaji, kwa hiyo hutasoma barua za wapangaji wako wala mazungumzo yao. Lakini ukitaka unaweza kupata majina ya tovuti wanazofungua. Na ukifungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa utaona simu ya nani ipo nyumbani na ya nani haipo, na ile ya binti wa chumba cha tatu imerudi saa ngapi. Hukuyatafuta hayo, yamekuja pamoja na ruta. Wengine hucheka, wakasema hawana muda huo. Mzee mmoja alinyamaza kidogo, akasema, "Basi nifundishe namna ya kutoyaona." Hakuna kitufe cha hivyo. Nilichomfundisha ni kwamba ufunguo ule ashike yeye tu, asimpe mtoto wake wa kiume, na awaambie wapangaji mtandao ni wa nani na nani anausimamia.

Kamera nazo zina mambo yake. Watu huzinunua Kariakoo, hufungwa juu ya ukuta zikitazama geti, na jicho lao pana hula na uwanja wa jirani ambako bafu liko nje na nguo zinaanikwa. Mwenye kamera anasema analinda mali yake, na ni kweli. Jirani anasema anatazamwa, na ni kweli pia. Mara nyingi ugomvi huu huisha kwa ngazi na bisibisi: kamera inageuzwa kidogo, jirani anaitwa aangalie kwenye simu mwenyewe aone kinachoonekana. Kumwita aangalie ndiko kunakorudisha salamu.

Nisije nikaeleweka kwamba dawa ni kila mtu kujifungia. Nina shangazi Maneromango, Kisarawe, ambaye macho yake hayasomi tena herufi za simu. Fedha anazotumiwa na wanawe hutolewa na mjukuu, ambaye anaijua namba ya siri. Tangazo linalosema usimpe mtu yeyote namba yako ya siri halimhusu shangazi yangu. Limeandikwa kwa mtu mwenye macho na mwenye elimu. Akilifuata atalala njaa. Ndivyo ilivyo kwa wateja wangu wengi: baruapepe zao hufunguliwa steshenari, na palipo na swali la namba ya kurejeshea akaunti ikipotea nywila, huwekwa namba ya aliyewafungulia. Wasichoambiwa ni kwamba mwenye namba ile ndiye mwenye akaunti. Duka likihama au namba ikifungwa, mtu anapoteza barua zake zote za maombi ya kazi. Mimi huweka namba ya mteja, na kama hakuja na simu yake, namwambia arudi nayo kesho, hata akinuna.

Na kuna msiba. Mtu anafariki, simu imefungwa kwa alama ya kidole, ndani mna fedha, mna namba za waliomkopesha na aliowakopesha, mna picha za mwisho. Mjane anakuja dukani na simu mkononi akidhani kwamba mwenye kompyuta anaweza kila kitu. Siwezi, na hata ningeweza nisingepaswa. Kuna mahakama na kuna utaratibu wa mirathi kwa ajili hiyo. Lakini nikimtazama nafikiri kwamba siri iliyofungwa kwa kila mtu, hata kwa aliyelala pembeni yako miaka yote, nayo ina wanaoilipia. Kwa hiyo swali la shangazi na la marehemu yanakutana. Kumwamini mtu ni lazima. Kilicho mikononi mwetu ni kumchagua kwa makusudi, kumwambia amechaguliwa, kumweleza mpaka wake, na kubadili namba siku uaminifu ukiisha.

Sheria ipo. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais 3 Aprili 2024. Ukiisoma utakuta inataka taarifa zikusanywe kwa kazi inayojulikana, zisizidi mahitaji ya kazi hiyo, zisikae kuliko inavyohitajika, zilindwe, na mwenyewe aweze kuuliza, kusahihisha na kukataa. Yule mama wa majibu ya hospitali alikuwa akiidai sheria hiyo nyuma ya mgongo wangu, bila kutaja kifungu hata kimoja. Nafurahi kwamba Tume ipo kwa ajili ya benki, hospitali na kampuni za simu. Lakini Tume haitafika kwenye kila fremu ya Barabara ya Morogoro, wala kwenye kila kundi la ukoo linalotumiana picha za mgonjwa akiwa kitandani kabla mgonjwa mwenyewe hajazinduka.

Wa kufika huko ni sisi wenyewe. Ukiona programu inaomba ruhusa ya kusoma majina, jua kwamba inawaomba watu wako kupitia kwako, na wao hawapo hapo kujibu. Ukitaka kutuma picha ya mtoto wa mwenzio, muulize mwenzio. Ukiuza simu, ifute kwanza mpaka irudi kama ilivyotoka kiwandani, maana unayemuuzia hakununua ndugu zako. Ukimpelekea fundi, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Ukiwa na daftari la wageni, weka karatasi ya kufunika mistari ya juu. Ni mambo madogo na hakuna hata moja linalohitaji kujua kompyuta.

Leo usiku, ukishakula, fungua mipangilio ya simu, tazama ni programu zipi zimepewa ruhusa ya kusoma majina, na uzinyime zile zisizo na sababu. Kisha nenda kwenye picha, ukafute vitambulisho vya watu uliowasaidia zamani. Wewe mwenyewe hutaona tofauti yoyote. Itawafaa watu uliowabeba humo ndani, na hawatakushukuru, kwa sababu hawatajua kwamba kulikuwa na jambo lililotaka kuwapata.